Paa Lililotaka Moshi

Ester alipita hapa Tunduma mwezi uliopita, akitokea Kitwe kwenda Mbeya kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, akalala kwangu. Hatukuwa tumeonana tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi. Nilimpikia wali na kuku wa kienyeji, akala akisifu kila tonge, kisha akainua macho kwenye dari langu la jipsamu, lile lenye maua na taa za kuchomeka, akacheka mpaka akapaliwa. "Salome! Wewe uliyekuwa unanuka masizi, leo unalala chini ya keki ya harusi!" Halafu akauliza kama ile nyumba ya bibi yangu kule Hasamba, Mbozi, bado ipo. Nilimwambia ipo, nikamwuliza kama anaongeza mchuzi. "Awe," akasema, ndivyo wanavyokataa huko kwao, na hakuuliza tena, maana Ester ananijua. Lakini tangu alipopanda basi sijatulia. Nafagia palipokwisha kufagiliwa. Nakwenda dukani, nasahau nilichofuata, narudi, nasimama getini kutazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, kana kwamba mojawapo ni langu. Mwanangu wa mwisho ameniuliza kama presha imepanda. Presha haijapanda. Ni ule mwaka wa nyasi, nami nimeona heri niuandike, labda utaniacha nikae kitako.

Ya wazazi wangu, na ya namna nilivyofika mikononi mwa Bibi, nayaacha. Ni marefu, na wengi wa wahusika wako hai na wana masikio. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa msichana aliyemaliza shule, nakaa na Bibi Rebeka, mama yake baba yangu, kwenye nyumba yake ya nyasi katikati ya mibuni, na nilichokitaka kuliko vyote ni kuondoka. Ester, niliyekaa naye dawati moja, alikwisha kuvuka mpaka. Alikuwa na chumba Kitwe na kibanda cha nguo sokoni, na alitaka mwenzake wa kusaidiana naye. Mimi nilikuwa kiguu na njia tangu utoto. Bibi alikuwa akisema nilizaliwa nimevaa viatu. Upepo ukitokea barabara kuu ningesikia malori yakibadilisha gia kwenye mlima, nami ningeacha nilichokishika, iwe jembe au mwiko, nikasikiliza mpaka yapotee. Kilichonizuia kilikuwa juu ya vichwa vyetu. Paa la Bibi lilikuwa limechoka. Masika yaliyopita tulihamisha vitanda kila mvua iliponyesha, tukiweka sufuria hapa na beseni pale, na ukuta wa upande wa mlango ulianza kulowa na kumomonyoka. Nyumba ya udongo ikishalowa kwenye kuta, hiyo si nyumba tena. Sikuweza kumwacha Bibi humo nikajidai nina dhamiri.

Baba Mdogo Yohana, mwanawe Bibi aliyejenga ng'ambo ya shamba, alikuwa na dawa yake. Alikuwa na bati zimepangwa nyuma ya mlango wa sebule yake, na alikuja karibu kila Jumapili baada ya ibada kumbembeleza. Nilikuwa nageuza kahawa kwenye kichanja nje, nao wameketi ndani, na nyumba ya nyasi haifichi maneno. "Mama," alisema, "kanisa lina bati, shule ina bati, hata banda la nguruwe la jirani lina bati. Mimi mzee wa kanisa, mama yangu analala kwenye nyasi. Watu wanasemaje?" Bibi akamjibu, "Wanasema una mama." Akaendelea: bati mwezi wa saba ni barafu na mwezi wa kumi ni kikaango, bati halina haya, mvua ikinyesha linapiga kelele mpaka huwezi kusali, chini ya nyasi hata mvua inabisha hodi kwanza. Baba Mdogo akasema basi ahamie kwake. Bibi akauliza kama amemwona ameanza kuota mbawa hata ahame. Nilicheka kwenye kichanja, lakini moyoni nilikasirika na wote wawili, maana walivyokuwa wakivutana hivyo mwaka baada ya mwaka, aliyekuwa akizeeka pale ni mimi. Siku ileile niliamua. Ningeliezeka lile paa mwenyewe kabla ya mvua, kisha ningekwenda zangu Kitwe na moyo mweupe.

Kwetu kazi hii imegawanywa tangu zamani: wanawake hukata nyasi na kuzibeba, wanaume hupanda juu kuezeka. Lakini mwaka ule wanaume waliojua kuezeka, wengi walikuwa wameteremka Mkwajuni kufukua dhahabu, na waliobaki waliona kushika nyasi ni kurudi nyuma. Kukata haikuwa shida. Niliwachumia kahawa akina mama wa jirani, nao wakaja na miundu yao, tukakata kwa haraka kwenye mabonde, maana nyasi nzuri ni ile iliyokauka yenyewe, na ikishakauka unashindana na wanaochoma moto mapori. Tulibeba matita kichwani tukiimba nyimbo za kwaya na nyingine ambazo kwaya isingezikubali. Tulikula magimbi na chai ya rangi uani kwa Bibi, na togwa ikazunguka, na kila mmoja akauliza nani atakayepanda. Niliposema mimi, walidhani ni mzaha. Nikavaa suruali ya marehemu babu chini ya kitenge, nikafunga mkanda kwa kamba ya mgomba, nikaegemeza ngazi.

Sikujua kuezeka. Nilijua kuona tu. Kwa hiyo nilifanya hila: niliezua nusu moja ya paa na kuiacha nusu ya pili kama ilivyo, niwe naitazama. Nilipokwama, nilikwenda upande wa zamani nikafunua kidogo kuona babu alivyofunga kamba yake ya gome, kapitisha wapi, kaikaza vipi, halafu narudi kwangu kuiga. Hata hivyo safu yangu ya kwanza iliteleza yote na kunifuata chini, nikakaa kwenye rundo la nyasi mbele ya watu waliokuwa wakitoka kisimani. Baba Mdogo alisimama chini ya ngazi siku ya pili, kofia mkononi. "Salome, teremka. Sasa ukianguka huko, mimi nitawaambia nini watu?" Nikamwambia, "Waambie nilikuwa nakwenda mbinguni, Baba Mdogo, nikarudishwa nisimtangulie mzee wa kanisa." Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akashika nguzo ya kibarazani, akakohoa muda mrefu. Nilingoja juu, mikono imejaa nyasi, naona aibu kwa ajili yake mbele ya mwanawe. Alipopata pumzi alisema tu, "Endelea, mke mwenzangu," ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, na mimi nikaendelea.

Ninapofikiri sasa, sidhani nimewahi kuwa na furaha ya namna ile, na nilikuwa naiharakisha ipite. Huo ndio ugonjwa wangu. Asubuhi niko juu, mgongo kwenye jua, chini naona vichwa vya mibuni na Bibi akichambua maharage; nilitakiwa nikae nikione kile nilichokuwa nacho. Badala yake kila tita nililolifunga lilikuwa hatua moja kuelekea mpakani. Nyasi mpya zinanuka kama mkate. Nusu ya pili niliiezua nikiwa nimekwisha kuwa fundi, na humo ndani ya nyasi za zamani, upande wa chini, kila kitu kilikuwa cheusi na kinang'aa, kamba za gome zimekuwa ngumu kama waya kwa sababu ya moshi wa miaka yote ile. Moto wa Bibi ulikuwa katikati ya nyumba, mafiga yake pale pale, na juu yake dari la fito yalipolala mahindi ya mbegu na ulezi, yakila moshi yasiliwe na wadudu. Nilipofunga kilele, nilifunga kwa fundo langu mwenyewe, mara mbili, kwa kuwa babu hakuwa ameniachia mfano: kilele chake kilikuwa kimeoza. Bibi aliizunguka nyumba akigusa nyasi za upenuni, nilizozisawazisha kwa kuzipiga ubao. "Vizuri," akasema. "Sasa hata nikifa, waombolezaji watakaa pakavu."

Nilikuwa nimekwisha kufua nguo za safari kikohozi kilipomlaza. Tulimpeleka hospitali, mimi na Baba Mdogo, na daktari, kijana mwenye adabu, alimsikiliza kifua muda mrefu kisha akamwambia bila kuzungusha. Kifua chake kimekula moshi maisha yake yote. Akiendelea kukaa nao hatafika mbali. Akiuacha, ana miaka mingine mizuri tu. Bibi alimshukuru sana. Tulipofika nje alisema, "Mimi ameniambia niuache. Nyumba yangu hakuniambia itavuta nini." Hakuna mtoto wa Mbozi asiyelijua jambo hilo. Nyasi huishi kwa moshi. Moto ukikaa ndani, paa hukauka kutoka chini, mchwa na funza hawasogei, kamba zinakaza. Uondoe moto, na paa linaanza kufa kuanzia masika yaleyale. Baba Mdogo alinitazama, nami nikatazama barabara. Yeye hakutaja bati, na nilimchukia kidogo kwa wema huo.

Nilibahatisha. Nilijiambia nyasi ni mpya, zitavumilia msimu mmoja, na kiangazi nitafikiria vingine. Nikang'oa mafiga, nikayapeleka kwenye kibanda cha nje, nikampikia Bibi huko. Kikohozi kilipungua kweli. Ndani ya mwezi alikuwa analala usiku mzima, akaanza kutukana kuku kwa sauti yake ya zamani. Paa nalo likaanza kujibu. Mvua za kwanza lilizipokea vizuri, halafu likawa halikauki. Asubuhi lilitoa jasho. Harufu ya mkate ikageuka kuwa harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Tukiwa tunakula, funza mweupe akadondoka kwenye bakuli la mlenda, Bibi akamtoa kwa kidole na kuendelea kula, na mimi nikasukuma bakuli langu kando. Nilipopanda darini nilikuta mahindi ya mbegu yameanza kutoa unga. Nilikaa kule darini, nimejikunyata, nikalia kwa hasira. Kila kamba ya paa lile niliijua. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe ili nipate kuondoka.

Basi nikarudisha mafiga ndani, tukafanya mpango. Kila siku baada ya chakula cha mchana Bibi alikwenda kwa Baba Mdogo na mwavuli wake, na mimi nikafunga mlango na kuwasha kuni mbichi kidogo ili moshi uwe mzito. Nilikaa nao mpaka jioni. Huwezi kuuacha moto peke yake chini ya nyasi, unautazama kama mtoto anayetambaa. Macho yalikuwa mekundu, nywele zangu zilinuka, hata kanisani watu walijua Salome amefika kabla hajakaa. Nilisikia malori. Nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta, nikakaa, nikasimama, nikafungua mlango, nikaufunga. Bibi naye hakukaa alikopelekwa. Angerudi kabla ya saa, amesimama kwenye mvua kibarazani: "Nimesahau miwani yangu." Bibi hakuwa na miwani. Nilimrudisha, akaenda akinung'unika kwamba kwa mwanawe redio inahubiri mchana kutwa. Akiwahi hivyo usiku wake kifua kilikoroma. Nikaanza kumkaripia kama mtoto, mimi kwa Bibi yangu, naye akafungua mwavuli wake akaondoka, na hilo liliniudhi zaidi kuliko angenijibu.

Ester alipita Mlowo mwezi wa pili kufuata maharage, tukaonana kwenye kituo cha mabasi, tukala mahindi ya kuchoma tumesimama. Alikuwa amenenepa, amesuka nywele, anachanganya Kiswahili na Kibemba. "Kitanda chako kipo," alisema. "Lakini mimi nachoka, mukwai. Pasaka ikipita hujaja, namchukua mwingine. Siwezi kukaa nikisubiri nyasi zikauke." Angepita tena wiki ya kabla ya Pasaka, nimpe jibu siku hiyo. Bibi sikumwambia. Lakini jioni moja, tunakula ugali na uyoga mkubwa wa porini, ule unaotoka kwa mvua za mwisho, alichovya tonge akasema bila kuniangalia, "Wewe ukienda, moto atauwasha nani?"

"Siendi popote, Bibi."

"Sikukuuliza hivyo."

Nikamwambia ale, uyoga unapoa. Akala. Nilidhani yameisha.

Wiki ile ya kabla ya Pasaka nilikwenda Mlowo kumwambia Ester ampe mtu mwingine kitanda. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri na sikuwa na amani nalo hata kidogo. Nilitembea nikigombana na mtu asiyekuwapo. Nilisubiri kuanzia asubuhi, nikatazama kila lori, nikauliza madereva, Ester hakutokea. Mwishowe dereva mmoja akaniambia gari lao limeharibika, wangefika kesho yake. Nikarudi nyumbani na neno langu mdomoni halijasemwa. Kwenye kona ya shamba nilisikia sauti za wanaume. Kisha nikaona. Baba Mdogo na vijana wawili wa kwaya walikuwa kwenye ngazi upande wa mlango, wanavuta nyasi za upenuni. Nyasi zangu! Bati zimeegemezwa kwenye mbuni, mbao mpya zimelazwa uani, na Bibi amekaa kwenye kigoda katikati ya hayo yote kama msimamizi wa ujenzi.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini chote, najua nilimwita Baba Mdogo jina ambalo mtoto hamwiti baba yake mdogo, na vijana waliteremka. Baba Mdogo alivua kofia. "Mimi sikuomba," alisema. "Amekuja mwenyewe kwangu juzi, akagonga mlango, akasema, 'Yohana, lete bati zako.' Nilidhani anaumwa." Nikamgeukia Bibi. Mwaka mzima! Mikono yangu ilikuwa bado na makovu ya kamba. Alikuwa amekataa bati kwa mwanawe, kwa mchungaji, kwa kila mtu, na sasa alikuwa anaezua kazi yangu mimi.

"Hukuniuliza, Bibi."

"Na wewe ulipopanda huko juu uliniuliza?" Alikuwa ametulia kabisa. "Kaa chini, Salome." Hakuniita mke mwenzake. Sikukaa, nikabaki nimesimama mbele yake. "Nyasi zinataka moshi, na moshi unataka mtu. Mtu mwenyewe nimemwangalia masika yote. Anatembea humo ndani kama mbuzi aliyefungwa. Bati halitaki moshi. Halitaki mtu. Mimi nitalala chini yake na kelele zake, nitazoea, hata Yohana nimemzoea." Baba Mdogo alitazama kofia yake. "Wewe nenda."

Nilimwambia siendi. Nilimwambia nimekwisha kumkatalia Ester, na huo ulikuwa uongo, akajua. Nilimwambia nyumba ile aliijenga babu na yeye alikuwa anaipenda kuliko sisi sote. "Naipenda," alisema. "Kwani nimesema siipendi?" Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke bila kuyafuta, na vijana wa kwaya wakaenda kutazama mibuni. Kisha Baba Mdogo akasema kilele kimewashinda, fundo zimekaza sana, labda wazikate kwa panga waokoe muda. Bibi aligeuka kwa ukali niliokuwa sijauona tangu aanze kuugua. "Hakuna atakayekata kamba za mjukuu wangu kwa panga. Apande mwenyewe, azifungue."

Nikafunga kitenge, nikapanda. Paa huezekwa kutoka chini na huezuliwa kutoka juu, wao walikuwa wameanzia pasipofaa. Nilikaa kileleni miguu huku na huku. Fundo zilikuwa zimeshika moshi wangu wa masika yale, zimekuwa nyeusi na ngumu kama zile za babu. Zilinichukua muda. Nilitumia kucha, nilitumia meno, nilimeza masizi. Moja ilipoachia nilihamia nyingine, na nyasi zikawa zinateremka pande zote mbili, na Baba Mdogo chini akizipokea taratibu, anazipanga kando kama nguo za kanisani. Jua la alasiri likaanza kuingia ndani ya nyumba ambamo halijapata kuingia tangu ijengwe. Niliona mafiga, niliona kitanda cha Bibi na changu, niliona kuta nyeusi zilivyokuwa kweli nyeusi. Bibi alikuwa ameingia ndani. Alisimama katikati ya nyumba yake kwenye mwanga, mkono juu ya nyusi, akinitafuta.

"Unaniona?" akaita.

"Nakuona, Bibi."

"Na mimi nakuona. Haya, shuka. Oga hayo masizi, uende."

Nilishuka, nikaoga, nikaenda.